Kuishi bila nyaya: Wengine kwa gari na hiari, Kabonga kwa mazoea

IPO ndoto mpya iliyowaingia vijana wa miji yetu. Wanaiona kwenye simu zao: basi dogo limeegeshwa ufukweni, mlango wa nyuma uko wazi, ndani kuna kitanda, jiko la gesi na rafu ya vyombo, na juu ya paa limelazwa bapa la sola. Mwenye gari halipi bili ya umeme, hana mwenye nyumba wa kumgongea mlango mwisho wa mwezi, wala hajui foleni ya asubuhi. Akichoka na mahali, anawasha injini na kuondoka.

Ndoto yenyewe si ya jana. Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuunda basi lake dogo mwaka 1950, na haikuchukua muda karakana ya Westfalia ikaanza kutengeneza vifaa vya kuligeuza kuwa chumba cha kulala. Tangu hapo wasafiri wa Ulaya wamekuwa wakiivuka Afrika hadi Cape Town kwa magari ya namna hiyo, na Afrika Mashariki ni njia yao ya kawaida. Wachache hufika hadi magharibi kabisa, wakapiga kambi kwenye ufuko wa Jakobsen, nje kidogo ya mji wa Kigoma.

Wengi wanaoisifu hali hii huanza na neno moja: uhuru. Lakini je, ni kweli kwamba raha hiyo inatokana na kukosa nyaya za umeme na bomba la maji? Kama ni hivyo, basi watu wenye raha kuliko wote wangekuwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambao wengi wao hawajawahi kuunganishwa na waya wowote.

Gari linapokoma, mtumbwi unaanza

Chukua mfano wa Kabonga. Hiki ni kituo cha mpakani cha Burundi, katika eneo la Nyanza-Lac, ambalo lilikuwa mkoa wa Makamba kabla ya mgawanyo mpya wa mwaka 2025 kuliingiza katika mkoa wa Burunga. Kutoka Bujumbura, barabara inaliandama ziwa kwenda kusini, inapita Rumonge, mji wa mawese na samaki ambako Kiswahili husikika sokoni sawa na Kirundi, kisha inafika Nyanza-Lac. Ukizidi kusini ndipo unapofika Kabonga, na ng'ambo ya mpaka ni kijiji cha Kagunga, Tanzania.

Mwenye gari anayetaka kwenda Kigoma hageukii huku. Hupanda milimani hadi Mabanda, akavuka mpaka wa Mugina na Manyovu, ndipo akateremka tena ziwani. Mwenye mtumbwi ndiye anayepita Kabonga. Anasafiri na mzigo wake wa mawese, dagaa na vitenge, milima ikiwa kushoto kwake na Kongo ikionekana kwa mbali kulia, anaipita hifadhi ya Gombe na kuingia Kigoma.

Mtumbwi huo ndio gari-nyumba la huku. Wavuvi wa ziwa hili hutoka jua likizama na kurudi alfajiri. Wanawasha taa kuwavuta dagaa na mikeke, samaki ambao wenyeji wa Kigoma huwaita migebuka. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, kwa hiyo wengi hupumzika na kushona nyavu. Kalenda yao huongozwa na mwezi, na wengine huhama kambi kwa kuwafuata samaki. Waswahili wa pwani wana neno lao la kambi kama hiyo: dago. Mvuvi wa Pemba au Tanga akisema anakwenda dago, watu wa nyumbani wanajua kwamba atalala kwenye kibanda cha makuti ufukweni kwa wiki au miezi, na kwamba atarudi.

Hilo la kurudi tutalitazama tena. Kwanza tulifungue gari lenyewe tuone lina nini ndani.

Hesabu ya gari moja

Gari la kulala lililoandaliwa vizuri ni kama nyumba iliyopimwa kwa mizani. Bapa la sola la wati 200, likipata jua kali kwa saa 5, hutoa karibu uniti 1 ya umeme kwa siku. Friji ndogo ya volti 12 hula kama nusu ya uniti hiyo. Taa 4 za wati 5 kila moja, zikiwaka saa 5, hutumia sehemu 1 tu ya 10. Kujaza simu hakumalizi hata sehemu 1 ya 50. Kinachobaki huhifadhiwa kwenye betri kwa ajili ya siku ya mawingu.

Maji nayo yana hesabu. Tangi la lita 100, kwa watu wawili wanaotumia lita 10 kila mmoja kwa siku, linatosha siku 5. Kuna mtungi wa gesi, kuna choo cha kubeba chenye kisanduku kinachomwagwa mahali panapostahili, na kuna chandarua. Basi, hayo ndiyo maisha.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye umeme kidogo kabisa duniani: ni karibu mtu 1 tu katika kila 10 aliye na umeme nyumbani. Kwa kaya nyingi za mwambao, maana ya usiku ni tochi au kibatari, na maana ya maji ni dumu kichwani. Kwa hiyo kijana wa Ulaya anayesema ameachana na mambo ya kisasa ili aishi maisha rahisi, akiegesha gari lake katika kijiji kama hicho, huenda akawa ndiye mwenye umeme mwingi na maji salama kuliko jirani zake wote.

Sisemi hivyo kumkejeli. Nasema kwa sababu gari lake linatufundisha jambo ambalo hata yeye huenda hakulikusudia: vitu vinavyoyafanya maisha bila nyaya yawe matamu ni vichache, vinahesabika, na vyote vinaenea ndani ya basi dogo.

Hema la Gombe, 1960

Mwambao huu una mfano wake maarufu wa mtu aliyechagua maisha hayo. Julai 1960, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, Jane Goodall, alishuka kwenye boti Gombe, kati ya Kagunga na Kigoma, kuwachunguza sokwe. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikataa akae msituni peke yake, kwa hiyo alikuja na mama yake, Vanne, pamoja na mpishi. Mama na binti walilala katika hema kuukuu la jeshi. Hapakuwa na umeme wala barabara.

Picha zake akiwa mlimani zimewavutia watu wengi duniani kutamani maisha ya porini. Goodall alifariki dunia Oktoba 2025, na sifa hiyo bado inaishi. Lakini picha hazionyeshi kila kitu. Katika miezi ya mwanzo mama na binti waliugua homa kali. Chakula kiliagizwa Kigoma kwa boti. Mama mtu alianzisha zahanati ndogo chini ya paa la nyasi, akawatibu wavuvi na wanakijiji kwa dawa chache alizokuwa nazo, na kwa njia hiyo wageni wale wakapata ujirani mwema.

Kwa maneno mengine, Goodall hakuishi peke yake hata siku moja. Alikuwa na mpishi, boti, mama, majirani na mji wa kukimbilia. Na Kigoma wenyewe, juma alilofika, ulikuwa umejaa Wabelgiji waliokimbia machafuko ya Kongo iliyokuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni. Alisaidia kuwaandalia chakula kabla hajaenda kambini kwake. Ziwa lilelile lilikuwa limewaleta wageni wa aina mbili kwa wakati mmoja: waliokuja kwa kupenda na waliokuja kwa kukosa pa kwenda.

Kagunga, 2015

Miaka 55 baadaye aina ya pili ilifurika hapohapo Kagunga, mkabala na Kabonga. Machafuko ya kisiasa yalipoanza Burundi mwishoni mwa Aprili 2015, watu walimiminika kuvuka mpaka huu kwa miguu na kwa mitumbwi. Kufikia katikati ya Mei walikadiriwa kuwa takriban 50,000, wamebanana kwenye ufuko mwembamba wenye mlima mkali nyuma na maji mbele. Hapakuwa na barabara ya gari ya kuwatoa.

Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ndiyo iliyowabeba, takriban watu 600 kwa safari, hadi Kigoma. Huko walipokewa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Wakati wakingoja, kipindupindu kikazuka. Maelfu waliugua na zaidi ya 30 walikufa, wakiwamo wenyeji 2 wa Tanzania.

Mashirika ya misaada yana kipimo chake kwa hali kama ile: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo 1 kwa watu wasiozidi 20. Kwa watu 50,000 hiyo ni lita 750,000 kila siku na vyoo 2,500. Hakuna ufuko wenye vitu hivyo vikisubiri. Watu wale walilala chini ya nyota, wakapikia kuni na kunywa maji ya ziwa, mambo ambayo mtalii hulipia ili ayafanye. Tofauti ilikuwa kwamba hawakuwa na choo, hawakuwa na maji safi, na hawakuwa na ufunguo wa kuwasha injini.

Pande zote mbili za gari

Hata huko yalikoanzia magari haya, si kila anayelala garini amependa. Kitabu cha Jessica Bruder cha mwaka 2017, kilichozaa filamu ya Nomadland iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021, kinaeleza habari za wazee wa Marekani waliohamia magarini baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 na kufuata vibarua kutoka jimbo hadi jimbo. Ukipita barabarani huwezi kutofautisha gari la mstaafu anayetembea kwa raha na la mwenzake aliyepoteza nyumba. Yote mawili yana kitanda nyuma na sola juu.

Kinachowatofautisha ni kile ambacho mvuvi wa dago anacho na mkimbizi hana: marejeo. Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watu wa Rumonge na Nyanza-Lac wanaujua uzito wa methali hiyo. Wapo waliokimbia mwaka 1972 wakidhani ni safari ya miezi michache, wakakaa Tanzania zaidi ya miaka 30, na waliporudi wakakuta shamba la michikichi lina mwenyewe mwingine. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia takriban 162,000 wa kundi hilo, na kwao hayo ndiyo yakawa marejeo mapya.

Kwa anayetaka kujaribu

Kwa kijana anayetamani kulala garini kwenye mwambao huu, ushauri ni mwepesi. Maji ya ziwa yanang'aa, lakini yachemshe au yatie dawa, kwani kipindupindu si mgeni Rumonge na Nyanza-Lac, na kichocho kipo. Usiegeshe kwenye njia ya viboko, ambao hutoka majini usiku kula majani. Usitegemee kupata petroli njiani, kwa kuwa tangu mwaka 2021 Burundi imepita katika vipindi virefu vya uhaba wa mafuta, na gari lisilo na mafuta ni kibanda tu. Usiegeshe karibu mno na maji: mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani, na wakazi wa Gatumba hawajasahau. Na kabla ya yote, piga hodi. Mwombe mwenye eneo, msalimu mwenyekiti au mkuu wa mtaa, kwa sababu mlinzi wa kwanza wa mgeni ni mwenyeji anayejua jina lake.

Kwa wanaopanga bajeti, somo ni kubwa zaidi. Kungoja waya mkubwa ufike kila kijiji cha ziwa kunaweza kuchukua kizazi kizima. Lakini bapa la wati 200, betri moja, tangi la maji safi na choo kinachofungika si mambo ya kungoja kizazi. Tayari wavuvi wengi wameacha karabai za mafuta ya taa na kuvua kwa taa za betri, na hawakusubiri mtu awaambie ni mtindo wa kisasa.

Uniti 1 kwa siku inatosha kumfanya mtu wa Ulaya aringe kwamba amepata uhuru. Ikifika katika nyumba ya Kabonga, mtoto atasoma baada ya magharibi, mama atajifungua penye mwanga, na simu itakuwa hai siku ambayo italazimu kuita boti. Huo nao ni uhuru, na hauhitaji magurudumu.