"Mimi Hapana Jua": Lugha Ambayo Kazi ya Ugenini Huwafunza Vijana wa Kitui na Makueni

Utangulizi

Zipo nchi ambazo kijana wake akitaka kukiimarisha Kiingereza hufunga mizigo akaenda Australia au New Zealand kwa mwaka mmoja, akachuma matunda mashambani au kuosha vyombo mkahawani, na kwa ujira huo akajilipia karo ya darasa la lugha. Utaratibu huu ni wa viza ya likizo na kazi. Australia iliuanza mwaka wa 1975 kwa vijana wa Uingereza, Ireland na Kanada, na Japani ikaongezwa mwaka wa 1980. Viza hiyo humruhusu mgeni kusoma kwa muda usiozidi miezi minne. Muda uliosalia ni wa kazi na matembezi. Wajapani, Wakorea na Wataiwani wengi wameitumia fursa hiyo. Dhana iliyo nyuma yake ni kwamba darasa litampa kijana sarufi, na kazi itampa watu wa kuzungumza nao.

Makala haya yanakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa kuwaangalia vijana wa Kitui na Makueni, ambao nao huenda ng'ambo kufanya kazi na kurudi na lugha, ila kwa masharti tofauti kabisa. Swali letu ni hili: kazi ya ugenini humfunza mtu lugha ipi hasa? Tunadai kwamba kazi ya kutumwa, isiyoambatana na darasa wala na usawa wowote kati ya wasemaji, hufunza kipande kidogo tu cha lugha, na kwamba kipande hicho humtupa mkono msemaji wake siku anapokihitaji mno.

Lugha ya mfanyabiashara na lugha ya askari

Kwenda mbali na kurudi na lugha si jambo geni Ukambani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu Mombasa, na njia hiyo ndiyo Ludwig Krapf aliyoifuata mwaka wa 1849 alipofika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa zama hizo. Biashara ina tabia moja inayomfaa mwenye kujifunza lugha: hulazimisha pande zote mbili kuuliza na kujibu. Anayeuza pembe hawezi kuridhika na "ndiyo" na "hapana". Sharti aulize bei, akatae, alalamike, abembeleze, atishe kuondoka.

Baadaye ikaja njia nyingine. Wakamba waliandikwa kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kuamrisha. Askari aliyerudi nyumbani baada ya vita vya Burma alikuwa na Kiswahili, lakini Kiswahili cha aina yake. Alikijua vyema kitenzi katika hali ya kuamuru, kwa sababu ndicho alichokisikia kutwa kucha. Tunaomba msomaji aishike tofauti hii ya mfanyabiashara na askari, kwani ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho.

Mlango uliofungwa na mlango ulio wazi nusu

Ni wachache wanaokumbuka kuwa Mkenya naye aliwahi kuwa na haki ya kuomba viza ya likizo na kazi. Uingereza ilikuwa na mpango kama huo kwa vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola, na Kenya ilikuwamo. Mpango huo ulifutwa Novemba 2008. Badala yake ukaja mwingine ulioanza na nchi nne tu: Australia, Kanada, Japani na New Zealand. Kenya haikuwamo. Hapa pana kinaya: Mjapani, aliyebakishwa, alikuwa akikitafuta Kiingereza, Mkenya, aliyeachwa nje, alikuwa amekwisha kukipata shuleni, mara nyingine kwa kuvishwa kile kigingi cha aibu shingoni kila aliponaswa akisema Kikamba. Alichokosa ni kazi.

Mlango uliosalia wazi, walau nusu, ni wa Ujerumani. Kijana aliye chini ya umri wa miaka 27 anaweza kwenda huko kama opea, yaani mtu anayeishi na familia ya Kijerumani, akawasaidia kulea watoto na kufanya kazi nyepesi za nyumbani, huku akijifunza lugha. Masharti yake yanastahili kutajwa kwa kirefu, kwa kuwa yanaonyesha jinsi mpango unaoijali lugha unavyokuwa. Kabla ya kuondoka, mwombaji sharti awe na Kijerumani cha ngazi ya kwanza kabisa, ile ya A1, na wengi hufanyia mtihani huo katika Taasisi ya Goethe jijini Nairobi. Akifika, kazi yake haipaswi kuzidi saa 30 kwa wiki. Hupewa euro 280 kwa mwezi za matumizi yake, na juu ya hizo familia huchangia euro 70 kila mwezi kwa ajili ya kozi ya lugha. Muda wake hauzidi mwaka mmoja. Kijerumani sharti kiwe ndiyo lugha inayozungumzwa katika nyumba hiyo. Hatusemi kwamba hakuna familia inayoyakiuka haya. Tunachosema ni kwamba darasa limeandikwa ndani ya mpango wenyewe, na hata saa za kazi zimewekewa mpaka ili darasa lipate nafasi. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, Kijerumani kimezidi kutazamwa na vijana wetu kama ufunguo wa ajira.

Lakini ufunguo huo una bei. Kijana wa Mutomo au wa Kibwezi anayetaka kukifikia Kijerumani cha A1 lazima agharimie miezi kadhaa ya masomo, aghalabu Nairobi, pamoja na chumba cha kupanga na chakula. Mvua zikikosa misimu miwili, fedha hizo huwa hazipo. Ndipo wengi, hasa wanawake, huelekea Ghuba, ambako wakala hulipia tikiti na hakuna mtihani wa lugha unaomzuia mtu.

Sarufi ya amri

Mfanyakazi wa nyumbani katika nchi za Ghuba huishi kwa mwajiri wake chini ya utaratibu wa kafala, ambao huifungamanisha ruhusa yake ya kukaa nchini na mwajiri huyo. Neno lenyewe si geni kwetu, maana Kiswahili kina mdhamini na pia kina kafili. Kwa upande wa lugha, matokeo ni kwamba mfanyakazi anaishi katikati ya Kiarabu usiku na mchana, hali ambayo mtu angedhani ingemfanya awe mwarabu wa ulimi baada ya mwaka mmoja. Haiwi hivyo. Sababu ni kuwa Kiarabu kinachoelekezwa kwake si kile ambacho mama wa nyumba huwasemesha watoto wake. Mwajiri mwenyewe huivunja lugha yake anapomgeukia mfanyakazi. Hutupa minyambuliko, hukiacha kitenzi katika umbo moja, na badala ya njia za kawaida za kukanusha hutumia "mafi", yaani hakuna. Jack Smart aliiandikia pijini hii makala mwaka wa 1990, na wataalamu wengine wamemfuata.

Katika pijini hiyo, anayetaka kusema "sijui" husema "ana mafi maalum". Tuitafsiri neno kwa neno: ana ni mimi, mafi ni hapana, maalum, ambalo sisi tunalo kwa maana nyingine, hapa ni kujua. Mimi hapana jua! Msomaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa ni wapi amewahi kuisikia sentensi hiyo. Ni Kisetla, Kiswahili cha walowezi wa Kizungu, kilichotumika mashambani na jikoni wakati wa ukoloni. Kisetla nacho kilizitupa ngeli, kikatupa viambishi vya nafsi na njeo, kikakanusha kwa "hapana" iliyowekwa mbele ya kitenzi, na kikatamba kwa amri: lete, ngoja, pesi pesi.

Hali kama hii imeonekana mbali na Kenya pia. John Schumann, katika utafiti aliouchapisha mwaka wa 1978, alimfuatilia kwa miezi kumi mfanyakazi mmoja kutoka Kosta Rika aliyeishi Massachusetts, Marekani, na ambaye alimpa jina la Alberto. Kiingereza cha Alberto hakikuendelea mbele. Naye alikanusha kwa kuweka neno moja la kukataa mbele ya kitenzi, basi. Schumann hakuona kwamba akili yake ilikuwa na kasoro. Alieleza jambo hilo kwa umbali wa kijamii uliokuwapo kati ya Alberto na Wamarekani. Nadharia yake imekosolewa tangu hapo, na kwa haki, lakini bado inatusaidia kuona kwamba kukaa miongoni mwa wasemaji si sawa na kusemeshwa nao.

Hata hivyo, ulinganisho wa Kisetla na pijini ya Ghuba una upande mmoja ambao haulingani, nao ndio unaotukereketa. Sarufi ni karibu ile ile, ila hasara imehama. Mlowezi aliweza kuishi Kenya miaka 30 akiwa na "mimi hapana jua" yake na asipungukiwe na kitu, kwa kuwa mzigo wa kuelewa ulikuwa wa mpishi. Asipoeleweka, mpishi ndiye aliyepigwa kalamu. Katika jiko la Ghuba asiyejua lugha ni yule yule mpishi, na mzigo wa kuelewa umebaki begani mwake vile vile.

Mkataba na mshahara

Inasemwa mara nyingi kwamba anayejua Kiswahili hapati tabu kujifunza Kiarabu. Jikoni, ni kweli. Sukari, kahawa, sahani, birika, sabuni, samaki: yote haya yanatambulika upesi pindi sikio linapozoea matamshi. Sita, saba, tisa na ishirini nazo husaidia. Kwa kazi ya kutumwa, mfanyakazi wa kutoka Kenya huanza na akiba ambayo mwenzake wa Ufilipino hana.

Akiba hiyo humgeuka anapotoka kwenye vyombo na kuingia kwenye masharti ya kazi. Mshahara tumeutoa katika mzizi wa "shahr", yaani mwezi. Lakini malipo ya mwezi katika Kiarabu cha kazini leo ni "ratib", na katika lahaja za Ghuba pia "maash". Mkataba ni mfano wa kutisha zaidi. "Mukataba" ya Kiarabu ni kuandikiana, na katika sheria ya Kiislamu ya kale ni maafikiano ambayo mtumwa hujikomboa kwayo kwa kumlipa bwana wake thamani yake kidogo kidogo. Mkataba wa kazi ni "aqd", neno ambalo Waswahili wanalo katika akdi ya ndoa. Haraka kwao ni mwendo tu, si upesi. Rukhsa ni leseni. Siku za mapumziko ni "ijaza". Kwa upande mwingine, haki imebaki haki, maradhi yanaeleweka, na ujira unaeleweka pia. Orodha kama hii ingeweza kuandaliwa na mwanafunzi yeyote wa shahada ya kwanza wa idara zetu katika wiki mbili, kwa ajili ya mafunzo ambayo wanaoenda Ghuba hupewa kabla ya safari. Tumeandika tasnifu nyingi juu ya maneno ya mkopo kutoka Kiarabu, tukiyahesabu na kuyapanga kifonolojia. Hii ingekuwa kazi fupi kuliko yoyote kati ya hizo.

Dada mmoja wa upande wa Mbooni, aliyefanya kazi za nyumbani Saudia kwa miaka miwili, alinisomea daftari alilokuwa akiandikia Kiarabu chake kwa hati ya Kiswahili. Kurasa za mwanzo ni amri tupu: taali, njoo, jibi, leta, nadifi, safisha. Aliniambia kwamba swali pekee aliloulizwa mara kwa mara lilikuwa "khalas?", umemaliza? Mwezi wa tatu ulipopita bila malipo, alisimama jikoni akasema "mshahara mafi". Mama wa nyumba alimtazama, akafungua kabati, akampa pakiti ya chumvi. Neno "ratib" lipo katika daftari hilo, katika ukurasa wa nyuma, limezungushiwa duara. Hakulifunzwa na mwajiri, wala hakulipata katika mafunzo ya Nairobi. Alilipata usiku, alipotoka kumwaga taka, kwa mfanyakazi wa nyumba ya jirani, Mhabeshi ambaye hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana naye ila ile ile pijini.