MADA: JE, POMBE INAWEZA KUSHIKA MOTO?

Leo tunazungumzia hatari ambayo wengi wetu hapa Likoni, Kisauni na Changamwe hatuifikirii mpaka mtoto ameungua: chupa ya pombe kali iliyowekwa karibu na jiko.

Je, pombe inaweza kushika moto? Inategemea ukali wake. Bia na mnazi zina maji mengi, hazishiki moto. Mvinyo nao hauwaki ukiwa baridi, lakini ukichemshwa, mvuke wake unaweza kuwaka. Pombe kali kama wiski, jini, vodka na chang'aa ndizo za kuogopwa. Pombe ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia joto la nyuzi 26 hivi. Hapa Mombasa, kati ya Januari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30. Kwa hivyo ikimwagika, haihitaji kupashwa moto kwanza. Yahitaji kiberiti tu.

Kinachowaka ni ule mvuke. Hauonekani kwa macho, na ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini pale anapocheza mtoto, ukafikia koroboi, stovu au jiko la makaa. Spiriti ya kusafishia vidonda, na sanitaiza ya mikono iliyoingia majumbani mwetu tangu korona ya 2020, ni kali zaidi, nazo huwaka upesi zaidi.

Wako watu wanaowasha pombe kwa kiberiti na kusema, "Moto ni wa buluu, hii ni safi." Mama, usikubali. Methanoli, ile sumu inayopofusha na kuua, nayo huwaka kwa moto hafifu wa buluu. Novemba 2000, jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe yenye methanoli. Kuwaka si dalili ya usalama.

Sasa tufanye nini nyumbani?

Kwanza, weka pombe kali, spiriti na sanitaiza mbali na moto, mahali mtoto hafiki.

Pili, usiwashe wala kuchochea makaa kwa spiriti au pombe. Moto hupanda hadi kwenye chupa, na chupa iko mkononi mwako.

Tatu, ukipaka sanitaiza, ngoja mikono ikauke kabisa kabla ya kushika kiberiti.

Nne, sufuria ikishika moto, ifunike kwa kifuniko na uzime jiko. Usiibebe kuitoa nje.

Je, mtoto akishika moto? Mlaze chini, mfunike kwa blanketi zito au mviringishe sakafuni mpaka moto uzimike. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Kama mfereji hauna maji, tumia kata na ndoo. Mvue nguo na bangili, lakini usibandue nguo iliyogandamana na ngozi. Usimpake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Funika kidonda kwa kitambaa safi, na sehemu nyingine za mwili zikae na joto.

Halafu mpeleke hospitali. Changamwe kuna hospitali ya Port Reitz, na Likoni kuna hospitali yake. Jeraha kubwa huenda likahitaji Coast General, kule kisiwani. Anayetoka Likoni huenda akangoja feri, na wa Kisauni huenda akakwama kwenye msongamano wa daraja la Nyali. Ndiyo maana dakika zile 20 za maji zianzie nyumbani, kabla ya safari.

Mama, leo hii tazama jikoni mwako. Kama kuna chupa karibu na moto, iondoe sasa. Hadi kipindi kijacho, tunakutakia afya njema wewe na jamaa zako.