VYUO NA VIWANDA ARUSHA: MHANDISI HUFUNZWAJE KUONGOZA?

Idara na mashirika ya Unguja na Pemba hupokea wanafunzi wa uhandisi wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Huulizwa iwapo kuwapokea ni fadhila kwa vyuo, au ni wajibu wa mwajiri. Ufafanuzi huu unatazama Arusha na viunga vya Mlima Meru, ambako vyuo, taasisi za usanifu na viwanda vimekuwa majirani kwa zaidi ya miaka 40.

Kwanza, ni vyema ikafahamika kuwa mhandisi si mtu wa hesabu na michoro peke yake. Mara aajiriwapo hukabidhiwa mafundi, vibarua, vifaa na fedha za umma. Huenda msimamizi wa mafundi hao akawa na umri wa baba yake. Asipojua kusikiliza, kugawa kazi na kukiri kosa mapema, bomba litalazwa vibaya hata kama hesabu zake ni sahihi, na watakaokosa maji ni wananchi. Uongozi wa namna hiyo haufundishiki ubaoni.

Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Baadaye zilianzishwa taasisi mbili kwa sheria za Bunge: TEMDO, inayosanifu mitambo, mwaka 1980, na CAMARTEC, ya zana za kilimo na teknolojia vijijini, mwaka 1981. Hivyo mwanafunzi aliweza kusoma, kuona chombo kikisanifiwa na kukiona kikifanya kazi, yote katika mji mmoja.

Hata hivyo, utaratibu huo hutegemea uhai wa viwanda. Kiwanda cha matairi cha General Tyre kiliposimamisha uzalishaji kabla ya mwaka 2010, wafanyakazi walipoteza ajira, na wanafunzi nao wakapoteza mahali pa kujifunzia. Kiwanda kinapofungwa, darasa moja nalo hufungwa.

Pengo la aina hiyo lina njia za kuzibwa. Kituo cha zamani cha umeme wa maji cha Kikuletwa, wilayani Hai, kilikabidhiwa Chuo cha Ufundi Arusha ili kiwe mahali pa mafunzo ya nishati jadidifu. Kituo hicho kiliingizwa katika mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2018, ambao ulivitaka vyuo kuwashirikisha waajiri katika kupanga mafunzo.

Mfano mwingine unatoka Tengeru, chini ya Mlima Meru, kwenye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Maji ya eneo hilo yana madini mengi ya floraidi, ambayo hutia meno madoa na kupinda mifupa ya watoto. Mhadhiri wa taasisi hiyo, Dk. Askwar Hilonga, alibuni chujio la maji, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Kabla ya mshindi kuchaguliwa, washindani walipewa mafunzo ya biashara na washauri wazoefu. Ubunifu usio na mtu wa kuuongoza hadi kwa mtumiaji hubaki maabara.

Kwa wahitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo ya miaka mitatu kazini chini ya mhandisi mzoefu. Serikali ya Norway iliwahi kuufadhili kwa upande wa wahandisi wanawake.

Jibu la swali lililoulizwa ni kuwa kumpokea mwanafunzi ni wajibu. Mkuu wa idara anayempokea anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

(a) Apewe kazi halisi yenye mwanzo na mwisho, hata ikiwa ndogo, na aitolee hesabu.

(b) Awe na msimamizi mmoja anayefahamika, atakayepitia daftari lake la kazi kila wiki.

(c) Akae na mafundi na kujifunza kwao kabla ya kuwaelekeza.

Mwanafunzi aliyeachwa kusambaza barua na kuchemsha chai kwa wiki nane hurudi chuoni kama alivyokuja. Baada ya miaka michache ndiye atakayekabidhiwa barabara, mitambo ya umeme na visima vya wananchi.