Istilahi za Kazi ya Mkono: Kuondoa Vumbi katika Kamera

Istilahi nyingi huhukumiwa mezani. Wataalamu hukaa, hupima neno kwa mizani ya sarufi na ya maana, kisha hulikubali au kulikataa. Lakini zipo istilahi ambazo hakimu wake wa mwisho ni mkono wa mtu aliye kazini. Neno likiwa na maana mbili, mkono huenda pasipostahili, na kifaa cha thamani huharibika. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi za kazi moja ya namna hiyo, nayo ni kuondoa vumbi katika kihisi cha kamera ya dijitali. Tumechagua kuitazama kazi hiyo kwa macho ya wapigapicha wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu mazingira yao yanayafanya maneno haya kuwa mahitaji ya kila siku.

Mji wa Bukoba umo kando ya Ziwa Viktoria, nao hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, ambayo ni nyingi kuliko ya sehemu kubwa ya nchi yetu. Hewa yake ina unyevu. Upande wa kusini, katika Wilaya ya Muleba, barabara za changarawe ziendazo vijijini hutimua vumbi jekundu wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mpigapicha anaweza kuwa kwenye harusi kijijini asubuhi, na jioni akawa ufukoni mwa ziwa. Akibadilisha lenzi njiani, vumbi huingia. Akifika penye unyevu, vumbi hilo hushika. Hapo ndipo huhitaji maelezo yaliyo sahihi, na maelezo mengi hutoka katika vitabu vya lugha za kigeni. Mfasiri anapoyaleta katika Kiswahili, huwa ameushika mkono wa fundi asiyemjua.

1. Jambo lenyewe

Zamani za filamu, chembe ya vumbi iliyotua juu ya filamu iliharibu picha moja, kisha ikaondoka pamoja na kipande kile cha filamu. Katika kamera ya dijitali mahali pa filamu pamechukuliwa na kihisi, yaani bamba dogo lipokealo nuru na kuigeuza kuwa umeme. Asili yake ni kifaa kilichobuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, na Willard Boyle na George Smith, ambao walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009 kwa kazi hiyo. Kihisi hakisogei kama filamu. Kwa hiyo chembe ikitua hapo, itaonekana katika kila picha, mahali palepale, mpaka iondolewe.

Hapa tayari tunahitaji kutenganisha mambo mawili. Kilichomo ndani ya kamera ni chembe ya vumbi. Kinachoonekana kwenye picha ni doa, nalo ni kivuli cha chembe ile. Mfasiri akiandika "ondoa doa", msomaji hajui kama anaambiwa asafishe kamera au arekebishe picha kwa kompyuta. Zaidi ya hayo, mahali pa doa sipo mahali pa chembe. Lenzi huipindua taswira. Hivyo doa likiwa juu ya picha, chembe iko sehemu ya chini ya kihisi. Lakini mtu anapokitazama kihisi kwa mbele, kupitia mdomo wa kamera, upande wa kushoto hubaki kuwa kushoto na wa kulia hubaki kuwa kulia. Asiyetenganisha doa na chembe hatalielewa somo hili hata akisomewa mara tatu.

2. Kihisi, kitambuzi, au sensa?

Maneno matatu yanasikika kwa dhana hii. La kwanza ni sensa, lililotoholewa. Halina kosa la matamshi, lakini lina mwenyeji wake wa zamani. Tanzania imefanya sensa ya watu mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na kila mtumishi wa serikali analijua neno hilo kwa maana hiyo. Barua yenye kichwa "Kusafisha Sensa" ikifika ofisini, itapelekwa kwa mtakwimu, wala hatutamlaumu karani aliyeipeleka.

La pili ni kitambuzi. Tatizo lake ni kwamba kutambua ni kujua kitu ni kipi au mtu ni nani. Mashine isomayo alama za vidole na kusema huyu ni fulani yastahili jina hilo. Bamba la kamera halimtambui mtu. Hupokea nuru tu.

La tatu ni kihisi, kutokana na kitenzi "kuhisi" na kiambishi ki- cha vifaa, kama ilivyo katika kifuniko na kizibo. Neno hili linasema kile kifaa kinachofanya, wala halizidishi. Tunalipendelea, na tunashauri kwamba kitambuzi kibakizwe kwa mashine nzima zifanyazo kazi ya kutambua.

3. Kioo kipi?

Hili ndilo neno lenye hatari kubwa kuliko yote. Katika mazungumzo ya kawaida, kamera moja inaweza kuwa na vioo vinne: lenzi huitwa kioo; skrini ya nyuma huitwa kioo; kile kiakisi kilichosimama ndani ya kamera za aina moja huitwa kioo; na bamba jembamba lililofunika kihisi pia ni kioo. Sasa tuseme maelezo yanasema: "Pangusa kioo kwa kitambaa laini." Kwa skrini, maelezo hayo ni sawa. Kwa kiakisi, ni maangamizi, maana kiakisi cha kamera kimepakwa utando wake upande wa mbele, tofauti na kioo cha kujitazamia nyumbani ambacho utando wake uko nyuma. Kitambaa kikipita, utando hukwaruzika.

Tunapendekeza basi kwamba neno kioo lisiachwe peke yake katika maandishi ya kazi hii. Tuseme lenzi, skrini, kioo cha kuakisi na kioo cha kinga. Hiki cha mwisho ndicho kinachosafishwa hasa. Tunaposema kwa ufupi "kusafisha kihisi", kwa kweli hatukigusi kihisi chenyewe, bali kioo cha kinga kilicho juu yake. Vilevile, kamera za siku hizi ambazo hazina kiakisi zisiitwe "kamera zisizo na kioo", kwani hakuna kamera ya namna hiyo. Ziitwe kamera zisizo na kioo cha kuakisi. Nazo zahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu katika nyingi kati yake kihisi hubaki wazi mara lenzi inapotolewa.

4. Vitenzi vitatu vya kutumia, na viwili vya kuepuka

Maelezo ya kigeni mara nyingi hutumia kitenzi kimoja cha jumla, na mfasiri huandika "safisha" kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiswahili kina utajiri zaidi ya hapo, na kazi hii ina hatua tatu zinazohitaji vitenzi tofauti.

Hatua ya kwanza ni kukung'uta, yaani kutikisa ili vumbi lianguke, kama tukung'utavyo mkeka. Kamera ya Olympus E-1 ya mwaka 2003 ilileta mtambo uufanyao utando ulio mbele ya kihisi utetemeke kwa kasi kubwa hadi chembe zidondoke. Tangu hapo kamera nyingi zimekuwa na mtambo kama huo. Twaweza kusema kamera hujikung'uta.

Hatua ya pili ni kupeleka upepo. Hapa wengi huandika "puliza". Neno hilo ni sahihi kisarufi, lakini humwalika msomaji atumie mdomo, na mate yakirukia kioo cha kinga huacha alama ngumu kuliko vumbi. Kifaa kinachotakiwa ni kifuko cha mpira kinachobanwa kwa mkono. Tunapendekeza kiitwe mvukuto wa mpira, na kazi yake iwe kuvukuta. Mvukuto ni chombo cha mhunzi, nacho hutoa upepo bila pumzi ya mtu. Neno hili halitakuwa geni Kagera. Uchimbuzi wa wanaakiolojia huko Kemondo, kando ya ziwa kusini mwa mji wa Bukoba, umeonyesha kwamba wenyeji waliyeyusha chuma katika tanuri zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Palipo na tanuri ya chuma, pana haja ya upepo. Tuongeze kwamba pampu ya gereji ya kujazia matairi si mvukuto, kwa maana hewa yake huweza kuchukua mafuta na maji.

Hatua ya tatu ni kupangusa, ambako ni kupitisha kitu laini juu ya uso wa kitu bila kukaza mkono. Chombo chake tukiite kipanguso. Upana wake hulingana na kihisi: kihisi kikubwa cha milimita 24 kwa 36 huhitaji kipanguso cha milimita 24. Upindo wa kanga, hata uwe safi namna gani, si kipanguso.

Vitenzi vya kuepuka ni kusugua na kufuta. Kusugua ni kukaza, na huko ndiko kukwaruza. Kufuta lina kasoro nyingine: katika kamera na simu, "futa" ni amri ya kuondoa picha zilizohifadhiwa. Mtu asije akaambiwa "futa" akapoteza picha za harusi nzima.

5. Ukungu na pombe

Mpigapicha wa Bukoba akisema kamera yake "ina ukungu", tumwelewe vipi? Huenda ni mvuke uliotanda kwenye lenzi, ambao hutoweka wenyewe. Huenda ni kuvu ameaye ndani kwa sababu ya unyevu, naye haondoki bila fundi. Tiba ni mbili, basi na maneno yawe mawili: ukungu kwa mvuke, kuvu kwa kile kiotacho.

Kadhalika kiowevu cha kupangusia hutengenezwa kwa alkoholi. Mfasiri asiandike "pombe", maana Kagera pombe ni rubisi ya ndizi na jamaa zake. Wala asiandike "spiriti" tu, kwa kuwa spiriti za madukani huwa na maji au rangi, na vitu hivyo vikikauka huacha madoa. Aandike: kiowevu maalumu cha alkoholi cha kupangusia kihisi.

6. Maelezo kwa maneno tuliyoyapendekeza

Ili msomaji apime mwenyewe, tunaandika hapa maelezo mafupi kwa istilahi hizi:

"Piga picha ya karatasi nyeupe, tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi alama ya 16 au 22. Tazama madoa. Hakikisha betri imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi, kioo cha kuakisi kitashuka juu ya chombo chako. Funga madirisha. Iache kamera ijikung'ute. Madoa yakibaki, toa lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini, na uvukute mara chache bila kugusa chochote ndani. Piga picha nyingine. Yakiwa bado yapo, tia matone mawili ya kiowevu kwenye kipanguso, pangusa kioo cha kinga mara moja kwenda upande mmoja, geuza kipanguso, kisha pangusa mara moja kurudi. Tupa kipanguso, usikitumie tena."

Humo hamna sentensi inayomwacha fundi akijiuliza ni kioo kipi, wala ni upepo wa wapi. Hicho ndicho kipimo tunachokiomba kwa istilahi zote za kazi za mikono, ziwe za kamera, za cherehani au za pampu ya maji. Walimu wa ufundi na wafasiri wanaombwa wawasomee mafundi wa mahali pao maelezo haya, wasikilize ni neno gani linawakwamisha, kisha watuandikie. Neno lililowakwamisha wengi tutalijadili upya.