Usinunue Nembo: Mwongozo wa Kipakatalishi kwa Mnunuzi wa Kisii na Nyamira

Bonasi ya chai ikishaingia mwezi wa Oktoba, au barua ya kujiunga na chuo ikishafika, mjadala huanza katika nyumba nyingi za Gusii: tununue HP, Dell au Lenovo? Baba hutaka HP kwa kuwa ndiyo aliyoiona ofisini kwa mwalimu mkuu. Binamu aliye Nairobi husema Lenovo. Muuzaji husifu chochote alicho nacho kabatini.

Jina lililo mgongoni mwa mashine halisemi mengi. HP ndiyo inayotengeneza Stream, kijimashine cha bei ya chini, na ndiyo inayotengeneza EliteBook, iliyoundwa ichapwe ofisini kutwa kwa miaka. Dell ina Inspiron ya nyumbani na Latitude ya kazi. Lenovo ina IdeaPad na ThinkPad. Stream na EliteBook zina nembo moja lakini zimeachana mbali sana, ilhali EliteBook na ThinkPad, zenye nembo tofauti, ni kama ndugu. Kwa hiyo maswali yanayomfaa mnunuzi ni matatu: mashine hii ni ya ukoo gani, ni ya kizazi gani, na ikigoma, ni fundi gani wa Kisii, Keroka au Nyamira atakayeifungua?

Kizazi kwanza, bei baadaye

Vipakatalishi vingi vinavyouzwa katika maduka yetu ni vile vinavyoitwa ex-UK: mashine zilizotumiwa na kampuni za ng'ambo, zikasafishwa na kuletwa huku. Si vibaya hata kidogo. Taabu ni kwamba ex-UK ya mwaka 2016 na ile ya mwaka 2018 hukaa rafu moja, zikang'aa sawa, na mnunuzi asijue tofauti.

Tofauti ipo, na imekuwa kubwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na RAM isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64. Kuna mafundi wanaoilazimisha ikubali mashine kuukuu, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo.

Kizazi husomwa kwenye jina la prosesa. i5-6300U ni ya sita, i5-7300U ni ya saba, i5-8350U ni ya nane, i5-10210U ni ya kumi. Muuzaji akikwambia tu "hii ni Core i5", bado hajakwambia kitu, kwa maana kuna i5 za tangu mwaka 2009. Ukizipanga kwa modeli, HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita na G5 hupatikana na cha nane. ThinkPad T470 iko chini ya mstari wa Windows 11, T480 nyingi ziko juu. Dell Latitude 7480 iko chini, 7490 nyingi ziko juu. Nambari moja tu kwenye jina mara nyingi ndiyo inayotenganisha mashine ya kukaa nayo na mashine inayoelekea kustaafu.

Ngazi za bei

Bei zifuatazo ni makadirio ya soko. Hupanda na kushuka pamoja na dola, na hutegemea hali ya kila mashine.

Kati ya shilingi 8,000 na 18,000 utapata vidogo vya inchi 11, warithi wa zile netbook zilizovuma baada ya Asus kutoa Eee PC mwaka 2007. Humu mna Chromebook, HP Stream, na mashine zilizoundwa kwa ajili ya shule kama ThinkPad 11e na Dell Latitude 3190. Hizi za shule ndizo bora katika kundi hilo: kingo zake zimevishwa mpira na kibodi inavumilia chai ikimwagika. Lakini RAM ya vidogo hivi mara nyingi imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo GB 4 uliyonunua ndiyo utakayozikwa nayo. Stream ya diski ya GB 32 iepuke kabisa, maana Windows yenyewe huijaza ikakosa hata nafasi ya kujisasisha. Chromebook nayo ina tarehe ya kukoma masasisho, nayo huonekana kwenye mipangilio. Zilizotoka tangu mwaka 2021 huhudumiwa kwa miaka kumi, lakini nyingi za bei ya kutupwa ni za kabla ya hapo.

Kati ya 20,000 na 27,000 ni nyumba ya EliteBook 840 G3 na wenzake wa kizazi cha sita na cha saba. Ni mashine imara zenye kibodi tamu, ila hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Zinamfaa aliye tayari kutumia Linux, au anayechapa barua na kutazama video bila kugusa mambo ya benki.

Kati ya 28,000 na 38,000 ndipo walipo 840 G5, T480 na Latitude 7490, zenye RAM ya GB 8 na SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256. Hapa ndipo shilingi ya mnunuzi wa kawaida hufanya kazi kubwa zaidi.

Katika bei iyo hiyo, au juu yake kidogo, kuna mashine mpya kabisa kwenye boksi, mara nyingi HP 15 au IdeaPad yenye prosesa ya Celeron. Harufu ya upya humvutia mzazi, na waranti ya mwaka mmoja ni kitu. Lakini Celeron mpya huzidiwa nguvu na i5 ya kizazi cha nane iliyotumika, na mwili wake ni wa plastiki nyepesi. Mpya yenye Core i3 huanzia karibu 50,000, na hiyo ndiyo mpya ya kwanza inayostahili kufikiriwa.

Watatu wa ofisini, bega kwa bega

Zote tatu, 840 G5, T480 na 7490, zina nafasi mbili za RAM, tundu la HDMI la kuunganisha projekta, na USB-C inayopokea chaji. Hilo la mwisho lina manufaa kuliko linavyosikika: chaja moja ya USB-C ya wati 65 itazilisha zote, na ukisahau yako utaazima ya jirani. Chaja za zamani za pini zilikuwa za kila kabila na lake. Dell hata ina waya mwembamba katikati ya pini unaoitambulisha chaja. Waya huo ukikatika, mashine huwaka lakini betri haijai.

T480 ndiyo nene na nzito zaidi, lakini ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka kwa kidole. Kwa anayeishi mahali umeme unapokatika mvua ikitishia, hiyo ni neema: unaweza kuwa na ya akiba mfukoni. Udhaifu wake unajulikana. Zile ambazo programu ya tundu la USB-C haikusasishwa huweza kupoteza tundu hilo, kwa hiyo jaribu kuchaji kupitia tundu hilo hapo hapo dukani.

840 G5 ina mwili wa alumini, ni nyembamba na yapendeza machoni. 7490 ni nyepesi na tulivu. Kati ya hizi tatu, chagua iliyo katika hali nzuri zaidi siku hiyo, yenye betri hai na skrini isiyo na madoa. Betri nzima ina faida kuliko nembo unayoipenda.

Acer na Asus hazina kosa, lakini fikiria vipuri. Mashine zilizojaa mtaani ndizo ambazo fundi huwa na maiti zake chini ya meza, akatoa humo kibodi au bawaba. Isiyojulikana huagiziwa kipuri Nairobi, nawe ukangoja.

Nani achukue nini

Mwalimu wa Borabu au Bomachoge anayepakia alama za tathmini na kuandaa maazimio ya kazi hahitaji zaidi ya i5 ya kizazi cha nane. Mwanafunzi wa biashara au ualimu vilevile, na itamtosha mpaka ahitimu. Anayesoma uhandisi na atakayetumia AutoCAD aweke RAM ya GB 16. Ndiyo sababu nafasi ya pili ya RAM ni muhimu: anaweza kununua ya GB 8 leo, akaongeza mkopo wa HELB ukitoka. Anayehariri video za harusi atafute mashine yenye kadi ya picha ya kujitegemea, na ajue ataingia bei ya juu.

Mchongaji au mfanyabiashara wa Tabaka ana shida ya peke yake. Vumbi la mawe ya sabuni ni laini kama poda, na feni ya kipakatalishi hulivuta ndani mpaka joto lipande. Kwake, mashine isiyo na feni, kama baadhi ya hizo ndogo za shule au MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020, ni busara ya kweli. Lakini MacBook ina masharti: RAM haiongezeki, ukarabati ni ghali, na iliyotoka kampuni ya ng'ambo bila kufunguliwa kufuli inaweza kukugeukia kuwa sahani.

Gharama zisizobandikwa

Tuchukue mfano. Kipakatalishi cha kizazi cha nne chenye diski ya kuzunguka kinauzwa 14,000. Weka SSD kwa 3,500, betri kwa 3,000 na RAM kwa 2,500: umefika 23,000 na bado Windows 11 haikitambui. Kikidumu miaka miwili, umelipa 11,500 kwa mwaka. Chukua sasa T480 ya 32,000, ongeza betri ya 4,000 huko mbele, na uitumie miaka minne: ni 9,000 kwa mwaka. Rahisi imekuwa ghali.

SSD usiifanyie mjadala. Diski ya kuzunguka na bodaboda ya barabara ya murram haviwezi kuelewana.

Kisha radi. Nyanda za Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi ikishuka alasiri na ngurumo, na radi ya Kisii inajulikana nchi nzima. Kilinda umeme cha soketi husaidia dhidi ya mawimbi madogo umeme unapokatika na kurudi, lakini hakizuii radi. Kinga ni kuchomoa chaja ukutani mawingu yakijikusanya na kuendelea kwa betri. Ndiyo maana betri mbovu huku ni hasara mara mbili kuliko kwa mtu wa Nairobi.

Kisii, Keroka au Nairobi?

Maduka ya Luthuli na Moi Avenue jijini yanaweza kuwa na bei ya chini kwa elfu mbili au tatu. Ukihesabu nauli ya kwenda na kurudi, chakula na siku nzima barabarani, punguzo limeliwa kabla hujafika Narok. Mashine ikirudishwa kwa waranti, safari ni ya pili. Nairobi inalipa ukinunua kadhaa, kama shule au chama, au ukitaka modeli adimu. Kwa moja ya kawaida, duka la mjini Kisii lenye fundi wake ndani linakufaa zaidi, hata likiwa na bei ya juu kidogo. Kununua kwa picha na kutumiwa kwa basi ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Dai risiti yenye nambari ya mashine na muda wa waranti ulioandikwa. Kibao cha "bidhaa zikiuzwa hazirudishwi" hakifuti sheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaifafanua. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Na mpango wa lipa polepole, yaani kwa awamu? Piga hesabu mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Tuseme arbuni ni 9,000 na malipo ni 120 kila siku kwa siku 365. Hiyo 120 inasikika kama nauli ya boda, lakini jumla ni 52,800 kwa mashine ambayo taslimu ingekuwa 34,000. Chama kikikukopesha hizo 34,000 kwa riba ya asilimia 10, utarudisha 37,400.

Ukiwa kaunta

Usiharakishwe. Fanya haya kwa mpangilio kabla ya M-Pesa kutoka.

1. Izime na uiwashe ukiingia kwenye BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji hanayo, ondoka.
2. Soma jina kamili la prosesa na ukubwa wa RAM ndani ya Windows, usiamini kibandiko.
3. Andika amri powercfg /batteryreport. Linganisha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, punguziwa bei au ibadilishwe.
4. Chomoa chaja, cheza video kwa dakika 20 na utazame asilimia inavyoshuka.
5. Bonyeza kila herufi ya kibodi, jaribu kila tundu, kamera, spika na Wi-Fi.
6. Fungua na ufunge kifuniko, ukisikiliza bawaba.

Mtu akiniomba jibu la mstari mmoja, nitamwambia hivi: kwa shilingi 28,000 hadi 38,000, T480 kama umeme wako ni wa mashaka, 840 G5 au 7490 kama utaibeba kila siku, na ukikosa fedha hizo, afadhali 11e au 3190 ya shule kuliko Stream mpya kwenye boksi. Nembo mwachie muuzaji.