Barua Pepe Isipofunguka: Je, Ni Hitilafu au Ni Uhalifu?

Katika miji yetu ya Busia, Malaba na Tororo, barua pepe imekuwa chombo cha kazi cha kila siku. Wakala wa forodha hupokea kwayo hati za mizigo, na mfanyabiashara hupokea ankara. Chombo hicho kinapokwama, wengi hukimbilia kwa fundi na kumkabidhi kompyuta pamoja na nywila. Hapo ndipo hitilafu ndogo huweza kuzaa hasara kubwa. Yafaa, ndugu mwananchi, kutofautisha kwanza kifaa kilichoharibika na akaunti iliyoingiliwa.

Tuanze na kifaa. Kompyuta isipowaka, jaribu soketi kwa kifaa kingine, kisha kagua kebo na chaja. Ikizimika yenyewe baada ya muda mfupi, aghalabu vumbi limeziba feni na joto limezidi. Ichomoe kwenye umeme na uisafishe kwa brashi laini. Iwapo tarehe hurudi nyuma kila inapochomolewa, betri ndogo ya duara iliyo ndani imekwisha. Jambo hilo lisidharauliwe: vyeti vya usalama vya tovuti hupimwa kwa tarehe, hivyo saa ikikosea, barua pepe yaweza kukataa kufunguka.

Upande wa akaunti, nywila ikikataliwa, angalia kwanza kitufe cha herufi kubwa. Ujumbe mpya usipoingia, huenda nafasi imejaa, hasa kwa wenye akaunti za bure. Lipo pia tatizo letu la mpakani: msimbo wa uthibitisho hutumwa kwa namba iliyosajiliwa, na mwenye laini ya Uganda na ya Kenya huenda amechomoa laini inayohitajika. Irudishe simuni. Msimbo huo usimsomee mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa afisa.

Zipo dalili zisizo za hitilafu. Nywila iliyokuwa ikifanya kazi jana imekataliwa; kuna ujumbe uliotumwa ambao hukuuandika; au barua za mteja mmoja tu ndizo zinazopotea. Fungua mipangilio utazame kama barua zako zinapelekwa kwa anwani usiyoijua. Kwa njia hiyo mhalifu husoma mazungumzo ya malipo, kisha humwandikia mteja kwamba namba ya akaunti ya benki imebadilika.

Ukikuta hali hiyo, piga picha ya skrini kabla ya kufuta chochote. Badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, kisha mpigie mteja kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali. Fedha zikiwa zimekwisha kutumwa, iarifu benki mara moja, halafu ufike kituo cha polisi na ushahidi wako na upewe namba ya taarifa. Kuvuka mpaka hakumkingi mhalifu: kuingia katika akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 2011 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta.

Fundi akihitajika, tunza nakala ya mafaili yako, ondoka kwenye akaunti zako zote, andika namba ya mashine na udai risiti. Kazi yake ni kutengeneza kompyuta. Nywila ya barua pepe haimhusu.