Je, Wajua? Ukihamia Kigali Kutoka Dar au Nairobi

Anayehamia Kigali kutoka Dar es Salaam au Nairobi hutatizika kwanza barabarani. Rwanda magari hupita kulia, kinyume cha Tanzania, Kenya na Uganda, hivyo dereva akivuka mpaka wa Rusumo hana budi kubadili upande papo hapo. Mwenda kwa miguu ndiye aliye hatarini zaidi: shingo imezoea kugeukia kulia kwanza, kumbe pikipiki inatokea kushoto. Saa nayo inarudi nyuma kwa saa moja.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008. Aliyefunga viatu ndani ya mfuko wa rambo hunyang'anywa mpakani.

Linalowasumbua wengi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi maduka hufungwa, mabasi husimama, na polisi humuuliza mwenye gari aendako. Usikasirike. Shika jembe uzibue mtaro pamoja na majirani. Asubuhi hiyo moja itakujulisha mtaani kuliko mwezi mzima wa salamu za getini.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini katika soko la Kimironko muuza nyanya hutaja bei kwa Kinyarwanda. Basi kabla hujafunga mizigo, jifunze kuhesabu kwa Kinyarwanda, angalau hadi elfu kumi.